Kosa Kiasi Gani? Mjadala wa Pai Kando ya Tangi la Taru

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: thamani ya pai ilishahesabiwa zamani, imo ndani ya kila kikokotoo na kila simu, kwa hiyo mwanafunzi wa Taru hana sababu ya kuihesabu upya. Apewe 22/7, afanye mtihani, aende zake.

Mjadala huu nimeuleta Taru kwa sababu huku duara ni jambo la maji. Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukishaipita Mariakani na Samburu, unaingia nyika ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliihofia sana. Misafara ya kwenda bara ilitegemea ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayoshika maji ya mvua. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kazi kufika nyika hii, maji ya wafanyakazi yaliletwa kwa treni kutoka nyuma. Leo kuna silanga, yale mabwawa ya kuchimbwa, kuna boza za kuleta maji, na kuna matangi ya simiti yanayokinga maji ya paa. Matangi hayo hujengwa ya mviringo, na sababu ipo. Tangi la mviringo halina pembe ya kupasukia, msukumo wa maji hugawanyika sawasawa ukutani, na kwa urefu uleule wa ukuta hubeba maji mengi kuliko la mraba. Anayetaka kujua linabeba kiasi gani hana budi apitie kwa pai.

Sauti ni nne: fundi mwashi, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mama mwenye tangi, na binti aliyemaliza kidato cha nne. Si watu wa kutajwa majina. Ni hoja zinazogongana kila linapozungumzwa somo la hesabu, nami nimezipa vinywa. Penye langu nitalisema waziwazi.

FUNDI: Naunga mkono hoja. Mimi duara nalichora kwa kigingi na kamba. Nikishajua kipenyo nazidisha mara tatu, naongeza kipande, nakata wavu. Tangi la kipenyo cha mita tatu na nusu nalikatia mita kumi na moja na nusu: kumi na moja za kuzunguka, nusu ya kupishanisha. Sijawahi kurudishwa dukani na pai. Kinachonirudisha dukani ni simiti.

MAMA: Hiyo kumi na moja umeitoa wapi, fundi?

FUNDI: Kwa aliyenifundisha kazi. Ishirini na mbili kwa saba.

MAMA: Na yeye?

FUNDI: Kwa aliyemfundisha, mama.

MWALIMU: Nami naunga mkono, na nina sababu za darasani. Chukua kipenyo hicho cha mita 3.5, ukizidishe kwa 22/7, unapata mita 11 kamili. Kwa pai ya kikokotoo unapata 10.9956. Tofauti ni milimita nne na ushee, na hakuna fundi anayekata wavu kwa usahihi huo. Watungaji wa mitihani hupenda nusu kipenyo cha 7, cha 14, cha 21, kwa sababu hesabu inakatika vizuri. Mtoto anapimwa kama ameielewa kanuni, hachoshwi kwa kugawanya. Silabasi ni ndefu na muda ni mfupi. Nikianza kuwahesabisha pai, mada nyingine nitazifundisha lini?

BINTI: Mwalimu, naomba nipinge. Tangu shule ya msingi nimeandika π = 22/7, kwa alama ya usawa kabisa, na nikawekewa vema. Nilipobonyeza kikokotoo kikaniandikia 3.141592654, nilidhani mashine ndiyo yenye hitilafu. Kumbe Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu yoyote ile, juu namba nzima na chini namba nzima. Si 22/7, si nyingine yoyote utakayoitunga. Nimemaliza shule nikiamini jambo lililovunjwa karne mbili na nusu zilizopita.

MAMA: Nambieni kwa mitungi. Tangi langu nusu kipenyo ni mita 1.75, kimo mita mbili. Nikifuata fundi nina maji kiasi gani, na nikikufuata wewe nina kiasi gani?

BINTI: Kwa 22/7, mama, una lita 19,250. Kwa pai ya kikokotoo, 19,242. Tofauti haifiki lita nane. Lakini fundi akisahau kile kipande chake akasema mara tatu tu, utaandika lita 18,375. Hapo kuna lita 867 zisizo kwenye daftari lako, mitungi arobaini na mitatu ya lita ishirini.

MAMA: Basi fundi akumbuke kipande chake. Kwa lita nane, ambazo hazijai nusu ya mtungi, mimi sigombani na mtu.

FUNDI: Mmesikia. Hoja imepita.

BINTI: Haijapita. Mama, umejuaje kwamba ni lita nane? Mwenye 22/7 peke yake hawezi kujua 22/7 imekosea kiasi gani. Ili upime kosa lake unahitaji mtu aliyeihesabu pai kwenda mbele zaidi. Wewe umeridhika na 22/7 kwa sababu kuna aliyekwisha kukufanyia kazi hiyo.

Hapa nasimama na binti, na nasimama kwa miguu miwili. Kuridhika na kosa la lita nane ni jambo la busara. Kutojua kwamba kuna kosa ni jambo jingine kabisa, hata kama matangi ya watu hawa wawili yanalingana. Wa kwanza akihamishwa kutoka kwenye tangi akapelekwa kwenye kazi inayotaka usahihi mkubwa zaidi, anajua chombo chake kitamfikisha wapi. Wa pili atajenga mpaka kitu kianguke.

FUNDI: Maneno mazuri. Lakini pai inahesabiwaje? Mimi nimeona tu watu wakiifungua kwenye simu.

BINTI: Fundi, wewe mwenyewe umeshaanza kuihesabu. Ukishachora duara lako, ukiishika kamba ileile ukaitembeza juu ya mstari wa duara, inaingia mara ngapi?

FUNDI: Mara sita kamili. Ndivyo tunavyogawa nafasi za nguzo.

BINTI: Basi ukiunganisha nguzo zako sita kwa mistari iliyonyooka, kuzunguka kwake ni kamba sita, yaani vipenyo vitatu. Hiyo ndiyo tatu yako. Duara lenyewe linapita nje ya mistari hiyo, kwa hiyo mzingo wake lazima uzidi vipenyo vitatu. Sasa weka nguzo nyingine katikati ya kila mbili, ziwe kumi na mbili. Kuzunguka kunakuwa vipenyo 3.1058. Ziwe ishirini na nne: 3.1326. Arobaini na nane: 3.1394. Tisini na sita: 3.1410. Na ukijenga umbo la pande tisini na sita linaloligusa duara kwa nje, unapata 3.1427. Pai imebanwa katikati, haina pa kukimbilia.

Kazi hiyo ya pande tisini na sita ni ya Archimedes wa Syracuse, aliyeishi karne ya tatu kabla ya Kristo. Kwenye ubao wa shule huonekana nusu tu ya alichosema. Hakusema pai ni 22/7. Alisema pai ni ndogo kuliko 22/7 na ni kubwa kuliko 223/71. Aliweka kuta mbili, na nafasi iliyo kati yake ndiyo kipimo cha kutojua kwake. Sisi tukauchukua ukuta mmoja, tukaubatiza jina la nyumba nzima, na ule wa pili tukautupa. Kwangu mimi, hasara ya somo hili inaanzia hapo.

Kabla yake walikuwapo wengine, na wa kwanza tunaowajua kwa maandishi katika bara letu ni Wamisri. Mwandishi Ahmes, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, alinakili kwenye mafunjo maswali ya hesabu, na mojawapo linahusu ghala la nafaka la mviringo lenye kipenyo cha dhiraa 9 na kimo cha dhiraa 10. Kanuni yake: kitoe kipenyo sehemu ya tisa, kinachobaki ukizidishe kwa chenyewe. Tisa ukitoa moja ni nane, nane mara nane ni sitini na nne, mara kimo kumi, mia sita na arobaini. Jibu la pai ya leo ni 636 na kitu. Ukimpeleka Ahmes kwenye tangi la mama pale Taru, atasema lina lita 19,358, na atakuwa amezidisha lita 116, mitungi sita kasoro kidogo. Swali lake na swali la mama ni lilelile. Wote wawili wanataka kujua chombo cha mviringo kimebeba akiba kiasi gani kabla kiangazi hakijafika.

MWALIMU: Historia hiyo ni tamu, na ningeipenda darasani. Lakini binti, umetaja namba za pande tisini na sita kana kwamba zimeanguka kutoka juu. Mtoto wa Taru atazipataje? Utamwambia abonyeze kikokotoo, na kikokotoo tayari kina kitufe cha pai. Tumerudi palepale.

BINTI: Atazipata kwa kitabu cha majedwali, mwalimu, hiki hiki cha tarakimu nne kinachoingia kwenye chumba cha mtihani. Kanuni ni fupi. Fanya nusu kipenyo kiwe 1, kwa hiyo upande wa umbo la pande sita ni 1. Zidisha upande kwa wenyewe, utoe kwenye 4, tafuta kipeuo cha pili, kitoe kwenye 2, kisha tafuta kipeuo cha pili tena. Umepata upande wa umbo la pande kumi na mbili. Nne toa moja ni tatu, kipeuo chake 1.732. Mbili toa 1.732 ni 0.268. Kipeuo chake 0.5177. Zidisha kwa sita, maana pande ni kumi na mbili na kipenyo ni mbili: 3.106. Rudia upate ishirini na nne, rudia tena.

MWALIMU: Umeshawahi kurudia mwenyewe kwa majedwali?

BINTI: Nimerudia, na yaliyotokea ndiyo yaliyonifanya niipende hesabu hii. Pande ishirini na nne zilinipa 3.130. Nikafurahi. Pande arobaini na nane zikanipa 3.130 ileile. Nikashangaa. Pande tisini na sita zikanipa 3.036.

FUNDI: Imerudi nyuma?

BINTI: Imerudi nyuma, fundi. Pande tisini na sita zimekuwa mbaya kuliko pande kumi na mbili.

Naomba msomaji atulie hapa, kwa sababu kiini cha mjadala kimejificha ndani ya 3.036 hiyo. Kanuni ni sahihi. Majedwali ni sahihi. Binti hakukosea hata hatua moja. Tatizo liko kwenye ile kutoa. Kadiri pande zinavyokuwa fupi, ndivyo kipeuo kinavyosogea karibu na 2: kwanza 1.732, kisha 1.932, kisha 1.983, kisha 1.996. Majedwali yanakupa tarakimu nne za 1.996, lakini ukiitoa kwenye 2 kinachobaki ni 0.004, na hapo umebakiwa na tarakimu moja tu ya kutegemea. Tatu zimefutwa kwa kitendo kimoja cha kutoa. Kila kinachofuata kimejengwa juu ya tarakimu hiyo moja.

MWALIMU: Basi majedwali hayatoshi. Ndiyo maana tuna vikokotoo.

BINTI: Yanatosha, mwalimu. Badala ya kukitoa kipeuo kwenye 2, kijumlishe na 2, kisha ugawe mraba wa upande kwa jumla hiyo. Ukiandika kwa herufi utaona ni kitu kimoja kabisa: mbili kutoa kipeuo ni sawa na mraba wa upande kugawanywa kwa mbili kujumlisha kipeuo. Sasa rudia kwa majedwali yaleyale. 0.2680 gawanya kwa 3.932 ni 0.06816. Hiyo gawanya kwa 3.983 ni 0.01711. Hiyo gawanya kwa 3.996 ni 0.004282. Kipeuo chake 0.06544. Zidisha kwa arobaini na nane: 3.141.

MWALIMU: Kwa tarakimu nne?

BINTI: Kwa tarakimu nne, kitabu kilekile, pande zilezile tisini na sita. Njia ya kwanza 3.036, njia ya pili 3.141.

Nimeifuata hesabu hiyo mstari kwa mstari na inasimama. Naiona ni hesabu yenye faida kubwa kuliko fomula nyingi zinazokaririwa. Inamwonyesha mtoto kwamba njia mbili zilizo sawa kwenye karatasi zinaweza kuachana mikononi mwa anayekadiria kila hatua, na kila mashine hukadiria kila hatua. Kikokotoo na kompyuta vina tarakimu nyingi kuliko majedwali, lakini navyo vina mwisho. Mwenye simu ya kuandikia programu akiifuata ile njia ya kutoa na kuendelea kuongeza pande maradufu, ataona jibu likikaribia pai, kisha likianza kuyumba, na mwishowe likiwa sifuri. Mashine haitamwonya. Italiandika lile sifuri kwa utulivu uleule ilioutumia kuandika 3.14159. Kijana wa Taru atakayeajiriwa kesho kuandika programu za benki, za hospitali au za kupima maji mtoni anahitaji kuliona jambo hili mapema, kwa mkono wake, kwenye hesabu ambayo jibu lake linajulikana. Pai inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu kila mtu anajua inakotakiwa kufika.

FUNDI: Mimi sikatai kwamba ni elimu. Naogopa watoto watadhani kazi ni kuongeza tarakimu. Nimesikia kuna watu wamezifikisha huko kwenye matrilioni.

BINTI: Ni kweli. Mwaka 2022 Emma Haruka Iwao na wenzake wa Google walifika tarakimu trilioni 100, kompyuta zikifanya kazi kwa siku 157. Na kuna waliowapita baadaye.

MAMA: Za nini?

BINTI: Kujaribu mashine zenyewe, mama. Hesabu ndefu hivyo ikikosea hata mahali pamoja, inaonekana.

MAMA: Inaonekana kwa nani? Nani atazisoma?

Swali la mama ni zuri kuliko jibu alilopewa. Mwingereza William Shanks aliihesabu pai kwa mkono na mwaka 1873 akatangaza tarakimu 707. Watu wakazipokea. Ni katikati ya miaka ya 1940 ndipo D. F. Ferguson alipogundua kwamba Shanks alikosea kwenye nafasi ya 528, na kila kilichofuata hapo kilikuwa uongo usiokusudiwa. Kwa miaka sabini ulimwengu ulikuwa na tarakimu zaidi ya mia moja na sabini zisizo na thamani, zikinakiliwa kwa heshima. Siku hizi anayehesabu hurudi akahakiki kwa njia tofauti na ile ya kwanza. Mnamo 1995 ilipatikana kanuni ya Bailey, Borwein na Plouffe inayokuwezesha kuichomoa tarakimu ya mbali bila kuhesabu zilizotangulia, alimradi uandike kwa mtindo wa kumi na sita badala ya kumi. Kwa hiyo mama, wa kuzisoma hayupo, lakini wa kuzihakiki lazima awepo, la sivyo hazina maana.

Kwa wanaopenda njia fupi, pande nyingi si njia pekee. Huko Kerala, kwenye pwani ya Malabar ambayo majahazi yake tumefanya nayo biashara kwa karne nyingi, Madhava wa Sangamagrama alipata mnamo mwaka 1400 hivi kwamba pai ni nne mara mfululizo wa 1, toa theluthi, jumlisha sehemu ya tano, toa sehemu ya saba, na kuendelea bila mwisho. Ni kanuni nzuri mno kuitazama na ni nzito mno kuitumia: baada ya vipengele elfu moja bado uko 3.1406. Madhava alilijua hilo, akaongeza kirekebisho mwishoni, na thamani yake ya pai ilifika desimali kumi na moja. Mwaka 1706 John Machin akatoa kanuni ambayo kwa vipengele sita tu vya mkono unafika 3.14159. Mtoto akizilinganisha mbili hizi kwa jioni moja atajua kwamba kuhesabu kwa bidii na kuhesabu kwa akili ni mambo mawili.

FUNDI: Sasa nisikilizeni mimi, kwa sababu mmezunguka dunia nzima na tangi mmeliacha jua likilichoma. Mama amesema nusu kipenyo ni mita 1.75. Amepima wapi? Amepima nje. Ukuta na lipu vinakula sentimita tano. Ndani ni mita 1.70. Hebu hesabu tena.

BINTI: Ni lita 18,158.

FUNDI: Imepungua ngapi?

BINTI: Lita 1,084. Mitungi hamsini na minne.

FUNDI: Mitungi hamsini na minne kwa sentimita tano! Na bomba la kutolea maji liko sentimita kumi juu ya sakafu, maji yaliyo chini yake hayatoki. Mmeyahesabu? Na ngurunga je, ambayo haina kipenyo wala haina kimo kimoja? Nyinyi mnagombana juu ya lita nane za pai, na mimi nawaambia pai haijawahi kumpotezea maji mtu yeyote Taru. Vipimo ndivyo vinavyopoteza.

MWALIMU: Hapo fundi ametushika.

BINTI: Ametushika kweli. Nusu kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa lake linaingia mara mbili. Umekosea karibu asilimia tatu kwenye kipimo, unakosea karibu asilimia sita kwenye maji. Kosa la 22/7 halifiki hata nusu ya sehemu ya kumi ya asilimia moja.

Maneno ya fundi ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizosemwa upande wake, na siwezi kuikwepa. Aliyeingiza pai ya tarakimu kumi kwenye nusu kipenyo kilichopimwa nje ya ukuta hajaongeza ukweli wowote. Amejidanganya kwa tarakimu. Lakini tazama fundi ameishindaje hoja hiyo. Amechukua makosa mawili, ameyapima, ameyaweka bega kwa bega, akaonyesha lipi ni dogo na lipi ni kubwa. Hiyo ndiyo kazi ya Archimedes. Fundi ameipinga hesabu ya pai kwa kutumia fikra ambayo hesabu ya pai huifundisha, na fikra hiyo yeye ameipata kwa simiti na jua, bila msaada wa shule. Ninachokitaka ni mtoto aipate shuleni.

Aliyeuonyesha utaratibu huo kwa ukamilifu ni Jamshid al-Kashi wa Samarkand. Mwaka 1424 alimaliza risala yake juu ya mzingo wa duara. Hakuanza kwa kuuliza atafute tarakimu ngapi. Aliuliza: duara kubwa kuliko yote ni lipi? Akachukua ulimwengu, ambao kipenyo chake alikikadiria kuwa mara 600,000 ya kipenyo cha dunia, akajiwekea sharti kwamba mzingo wake usikosewe hata kwa upana wa unywele wa farasi. Kutokana na sharti hilo akapiga hesabu pande zinazohitajika, akapata 805,306,368, ndipo akaanza kazi. Alifika desimali kumi na sita za pai mara mbili, zote sahihi. Maabara ya JPL ya shirika la NASA, inayoongoza vyombo vilivyotoka nje ya njia za sayari, hutumia pai yenye desimali kumi na tano. Al-Kashi alikuwa amefika huko bila mashine, kwa sababu alilijua kosa analoweza kulivumilia kabla hajashika kalamu.

MAMA: Na mimi kosa ninaloweza kulivumilia ni mtungi mmoja.

BINTI: Basi kwako 22/7 inatosha, mama, na fundi arudi apime ndani.

MWALIMU: Lakini isingetosha Ngomeni.

Mwalimu ana haki kuutaja mji huo. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru. Ilizunguka dunia kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500. Ukipiga mzingo wa njia ya namna hiyo kwa 22/7, unakosea kilomita 17 hivi kwa mzunguko mmoja tu, na setilaiti kama hiyo huizunguka dunia mara kama kumi na tano kwa siku. Pwani ni ileile na namba ni ileile. Tangi linaisamehe, setilaiti haiisamehe. Mtoto aliyepewa 22/7 kwa alama ya usawa hana njia ya kutofautisha kazi hizi mbili.

Kwa hiyo hoja naikataa. Simtaki mtoto wa Taru akariri tarakimu hamsini, wala simkatazi fundi ishirini na mbili zake kwa saba. Nataka kila mtoto anayefika sekondari awe ameihesabu pai mara moja kwa mkono wake, aone 3.106, aone 3.036, atafute kwa nini, kisha afike 3.141. Vifaa ni kamba, kigingi na kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, na kazi yenyewe haizidi vipindi viwili. Mwalimu unayesoma hapa, ukianza mada ya duara, wape vipindi hivyo viwili kabla hujaandika 22/7 ubaoni, na utakapoiandika, weka alama ya takriban.